Chuo Baada ya Chuo: Darsa kwa Mwanafunzi wa Kidato cha Nne na kwa Mzazi Wake

Darsa ya leo si ya twahara wala si ya mirathi, bali ni ya amana, na amana ni mlango mkubwa katika milango ya dini. Twataka kumzungumza kijana aliye katika mwaka wake wa mwisho wa shule ya upili, naye anatazamia kwenda chuoni: ni yapi yampasa kuyatengeneza kabla ya mtihani, na ni yapi yatupasa sisi tulio nyuma yake. Mfano wetu tutautoa Balambala, katika kaunti ya Garissa, kwani huko ndiko tunakoyaona mambo haya yakiwa wazi zaidi.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi asiseme hii ni habari ya bara isiyomhusu. Maji ya Mto Tana yapitayo mbele ya Balambala ndiyo hayo hayo yamwagikayo baharini karibu na Kipini. Na upungufu tutakaoutaja hapa, akichungua mtaani kwake, atauona umeketi barazani.

MAANA YA NENO CHUO

Katika Kiswahili cha wazee wetu, chuo kilikuwa kitabu, na chuo kilikuwa pia mahali pa kusomea Kurani. Mtoto alipelekwa chuoni kwa mwalimu, na aliyezama katika elimu akaitwa mwanachuoni. Leo neno hilo hilo twalisikia katika chuo kikuu, chuo cha ufundi na chuo cha uuguzi. Waliolipeleka neno huku na huku hawakuona haya kulitumia pande zote mbili, kwa kuwa elimu waliiona kitu kimoja chenye matawi mengi.

Ndugu zetu Wasomali wa Balambala huanza na dugsi, kama sisi tunavyoanza na madrasa. Mtoto huamka na mapema, akaandika juu ya ubao wake wa mti, akahifadhi, akafuta, akaandika tena. Baba yake, hata akiwa mfugaji asiyejua kuandika jina lake, ajua vyema namna ya kumpeleka mwana katika chuo hicho cha kwanza: amjua mwalimu, ajua malipo, ajua siku ya kuhitimu. Lakini ukimwuliza juu ya chuo cha pili, kile kinachofuata Kidato cha Nne, atakwambia, “Hayo wayajua wao wenyewe.” Na mwana, ukimwuliza, atakwambia, “Nangoja matokeo.” Hapo kati, baina ya baba asiyejua na mwana anayengoja, ndipo vijana wetu wanapopotea.

Jambo hili si jipya. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki 1947, alitoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na katika yaliyomshughulisha ni Waislamu kubaki nyuma katika elimu ya dunia huku wakijitapa kwa enzi zilizopita. Na kabla yake kwa zaidi ya miaka 800, Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliuhesabu utabibu na hesabu katika faradhi za kutoshelezeana, akawalaumu watu wa miji ambao wote wamejazana katika fani moja, na tabibu wa mji asiwe Mwislamu. Faradhi ya kutoshelezeana, kama ijulikanavyo, wakiifanya baadhi hutosha, na wakiiacha wote huwa na dhambi wote. Basi mji usio na tabibu, mkunga, fundi wala mwalimu wake wenyewe, na uwezo wa kuwatoa unao, dhima yake iko juu ya nani?

HALI YA BALAMBALA

Balambala ni mji mdogo ukingoni mwa Mto Tana, ukiufuata mto kwenda juu kutoka mji wa Garissa. Jimbo lake lina wadi za Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri. Watu wake wengi ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na kando ya mto wako wenye mashamba.

Sehemu hii ya nchi imepitiwa na mengi. Tangu mwisho wa mwaka 1963 iliwekwa chini ya sheria ya hali ya hatari, na sheria hiyo haikuondolewa hata mwaka 1991. Vita vilivyoitwa vya mashifta vilidumu hata 1967. Wakati watu wa miji mingine walikuwa wakijenga shule, huku watu walikuwa wakiulizwa vipande vyao njiani. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa mistari ili wachujwe nani raia na nani si raia.

Na siku za karibu zimekuja balaa nyingine. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa Al-Shabaab waliingia katika chuo kikuu cha Garissa alfajiri, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi waliokuja kutafuta elimu katika nchi ya watu wanaosali. Januari 2020, huko Kamuthe katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, walimu watatu waliuawa. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa au walihama, na madarasa mengi yakabaki bila mwalimu wa Fizikia, Kemia au Hisabati. Waliofanya hayo walijinasibisha na dini yetu, nayo dini yawakana. Lakini tazama, ndugu msomaji, ni nani aliyelipa baada ya wale waliouawa: mtoto wa mfugaji, Mwislamu, aliyebaki akiutazama ubao mtupu.

Ongeza na hali ya mbingu. Mtihani wa KCSE hufanywa mwisho wa mwaka, na nadharia yake nyingi huwa mwezi wa Novemba. Hizo ndizo siku za mvua za Deyr. Zikinyesha sana, kama zilivyonyesha mwisho wa 2023, njia hukatika na mto hupanda. Zisiponyesha, kama zilivyokosekana misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, mifugo hufa na karo hufa pamoja nayo. Kwa hivyo kijana wa Balambala hawezi kujiandaa kwa namna ya kijana aliye hatua mia kutoka maktaba. Yampasa kuanza mapema zaidi, na yatupasa kumsaidia zaidi. Twamwekea mambo matano.

LA KWANZA: JINA NA VYETI

Huenda mtu akacheka kwamba twaanza na karatasi kabla ya vitabu. Asicheke. Wapo vijana waliofaulu mtihani, kisha wakakwama mlangoni kwa ajili ya herufi moja.

Jina la Msomali ni lake, la baba yake na la babu yake. Katika cheti cha kuzaliwa huandikwa Mohamed, shuleni Mohammed, na katika kitambulisho Muhammad. Mwengine ni Abdi katika karatasi moja na Cabdi katika nyingine. Kwake yeye ni jina moja, lakini kwa mtambo wa serikali hao ni watu wawili. Mwanafunzi huandikishwa kwa KCSE miezi ya mwanzo ya mwaka, na jina liingialo hapo ndilo litakalochapwa katika shahada yake. Kwa hivyo katika muhula wa kwanza, baba na mwana wakae pamoja, waweke cheti cha kuzaliwa mbele yao, walinganishe kila herufi na orodha ya shule, na lililo kosa litengenezwe kabla dirisha halijafungwa.

Kisha kitambulisho. Aliyetimia miaka 18 asingoje. Mkopo na misaada mingi huombwa kwa nambari ya kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa kaunti za mpakani alipita katika uchunguzi wa ziada ambao mwenzake wa kwingine hakuujua. Februari 2025 Rais alitangaza kuuondoa. Tangazo ni jambo jema, lakini tangazo halimwendei mtu nyumbani. Mzee aliye na vyeti vyake na ajue kuwa vyeti vyake ndivyo ushahidi wa mwanawe, avihifadhi mahali ambapo maji ya mto hayafiki wala mchwa hawapandi.

LA PILI: KUJUA HESABU YA MTIHANI

Wengi huujua mtihani kwa jina tu. Na tuufafanue. Kila somo hupewa daraja, kutoka A yenye pointi 12 hata E yenye pointi 1. Masomo saba hujumlishwa, na ukomo wake ni pointi 84. Tangu mtihani wa 2023, katika hayo saba Hisabati ni ya lazima, na pamoja nayo lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi, kisha masomo matano mengine yaliyo bora kwake. Mwenye kupata pointi 46 amefika C+, na hicho ndicho kizingiti cha shahada ya chuo kikuu. Mwenye 32 amefika C-, nacho ni kizingiti cha stashahada.

Kuna faida gani kuyajua haya? Faida yake ni kwamba mwanafunzi ajue jasho lake litone wapi. Aliye na pointi 42 katika mtihani wa majaribio amebakiwa na 4 tu. Hizo zapatikana kwa kupanda daraja moja katika masomo manne, si kwa miujiza katika somo moja. Na yule anayeikimbia Hisabati kwa kusema kuwa ni ngumu, na ajue kwamba itahesabiwa atake asitake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tena si jumla tu itazamwayo. Kila fani ina masomo yake ya lazima. Anayetaka utabibu hana njia pasipo Biolojia na Kemia. Anayetaka uhandisi hana njia pasipo Hisabati, Fizikia na Kemia. Anayetaka sheria, pamoja na C+ ya jumla, yampasa B katika Kiingereza au Kiswahili. Anayetaka ualimu wa upili atazamwa katika masomo mawili atakayofundisha. Basi kijana aliyeiacha Fizikia kwa kukosa mwalimu asiote uhandisi usiku na mchana huku mlango wake umekwisha kufungwa. Na aulize mapema: katika masomo niliyo nayo, ni milango gani iliyo wazi? Kisha aikaze hiyo.

Shule isiyo na mwalimu wa somo si udhuru wa kukaa kitako. Wanafunzi waunde halaka yao kama tunavyounda halaka ya fiqhi: mmoja aliyeielewa mada aisome mbele ya wenzake, wamwulize, wamsahihishe. Waliokwisha kwenda chuo kikuu wanaporudi likizo, wasikae mikahawani kunywa chai na kuhadithia Nairobi. Yawapasa siku kadhaa za kufundisha, na hiyo ndiyo zaka ya elimu yao. Na miaka hii Ramadhani yaangukia katika muhula wa kwanza. Aliyezoea kulala baada ya daku hata jua likachomoza atapoteza mwezi mzima; aliyezoea kusali Alfajiri na kufungua kitabu hata saa moja atapata saa bora za mwaka wake.

LA TATU: KUIJUA MILANGO YOTE

Twaona kosa kubwa katika watu wetu: kudhani kwamba asiyefika chuo kikuu ameanguka. Hilo si kweli, na limewavunja vijana wengi.

Matokeo ya KCSE hutoka mwezi wa Januari. Baada yake shirika la kuwapanga wanafunzi, liitwalo KUCCPS, lililoundwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012, hufungua maombi kwa mtandao. Muda wake una mwisho. Kijana aliye malishoni na ngamia wa baba yake, mahali simu haishiki, asipojua siku, siku itampita. Kwa hivyo kabla ya kutoka shuleni aandike katika daftari fani anazozitaka, kwa mpangilio, na masharti yake, na amjue mtu wa mjini ambaye atampelekea habari.

Milango yenyewe ni mingi. Garissa kuna chuo kikuu cha serikali: mwaka 2011 kilianza kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi mahali palipokuwa chuo cha walimu, kikafungwa kwa msiba wa 2015, kikafunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikapewa hati ya kusimama peke yake. Kuna chuo cha taifa cha ufundi, na kuna tawi la chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, taasisi iliyoanza mwaka 1927. Vyuo vya ufundi hupokea wenye C- kwa stashahada, wenye D kwa cheti, na walio chini ya hapo kwa kazi za mikono. Umeme, bomba la maji, magari, ujenzi, ufugaji wa kisasa: ni ipi katika hizi ambayo Balambala haiihitaji?

Na hapa watu wa pwani tuna la kukumbuka. Mwaka 1951 Mombasa ilianza kusomesha wanafunzi chuo cha MIOME, kilichojengwa ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Kilikuja kuwa taasisi ya ufundi mwaka 1966, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Katika chuo hicho alifanya kazi ya ukarani kijana mmoja wa Mombasa ambaye matokeo yake ya mtihani hayakuwa mazuri, na Makerere haikumpokea. Kijana huyo ni Ali Mazrui, mwana wa huyo Sheikh Al-Amin tuliyemtaja. Alipata msaada akaenda Uingereza, akaanza kwa kumaliza masomo ya upili huko Huddersfield, akapata shahada ya Manchester mwaka 1960, ya Columbia huko Marekani mwaka 1961, na ya udaktari Oxford mwaka 1966. Na ile Makerere iliyomkataa kuwa mwanafunzi ikampokea kuwa profesa. Hatusemi haya ili mwanafunzi auchezee mtihani. Twasema ili aliyeteleza asijizike hai.

LA NNE: FEDHA, NA SWALI LA RIBA

Hapa ndipo penye jambo lililo gumu kuliko yote, na wengi hulizunguka. Sisi tutalisema.

Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, hukopesha wanafunzi wa vyuo vikuu kwa nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango mpya wa kugawa ufadhili na mkopo kwa kutazama uwezo wa kila nyumba; Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa mpango huo wapingana na katiba, na shauri likaendelea katika Mahakama ya Rufani. Kwa hivyo mzazi asitegemee maneno ya mwaka jana. Na asome tangazo la mwaka wa mwanawe.

Vijana wengi wa Garissa, na wengi wa pwani pia, huuacha mkopo huo kwa kuogopa riba. Riba ni haramu, na hatuna mjadala na mtu katika hilo. Lakini twamwuliza mwenye kukaa mimbarini: umemwambia kijana, “Usichukue, ni haramu.” Amekutii. Amerudi Balambala kuchunga mbuzi, na barua ya chuo iko mfukoni imekunjika. Je, wewe umefanya nini baada ya hapo? Mwenye kufunga mlango kwa haki yampasa kuufungua mwingine kwa haki. Kukataza bila kutoa njia ni nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo nyepesi.

Njia nyingine zipo. Zipo fedha za maendeleo ya jimbo, NG-CDF, ambazo sehemu yake hutolewa kwa karo. Upo msaada wa kaunti. Hizi huombwa kwa fomu, kwa nakala za vyeti, na kwa wakati wake, na huwaendea wanaojitokeza. Ipo zaka: wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kwamba mwenye kujishughulisha na elimu ya sheria, ambaye kuchuma kutamkatia masomo yake, ahesabiwa katika wenye kustahiki, na wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wameziingiza na elimu nyingine zenye manufaa kwa umma. Na mwana wa mfugaji ambaye mifugo yao imekufa kwa ukame, hata bila ya masomo, ni fakiri. Upo wakfu: pwani yetu imejaa nyumba na mashamba ya wakfu yaliyowekwa na wazee kwa misikiti. Kuna kizuizi gani leo mtu akaweka duka moja, mapato yake yawe ya karo ya mwanafunzi mmoja kila mwaka hata Kiyama?

Tena tuangalie harusi zetu. Ngamia wangapi huchinjwa Balambala kwa karamu ya siku moja, na biriani ngapi hupikwa Mombasa zikamwagwa? Ukoo unaoweza kukusanya mahari kwa wiki moja waweza kukusanya karo. Na ukusanye mapema, kijana angali Kidato cha Nne, usingoje barua ifike ndipo watu waanze kutafutana kwa simu.

Kwa aliyezijaribu njia zote akakosa, tusimhukumu barabarani. Aende kwa mwanachuoni anayeujua mkataba wenyewe na hali yake yeye, amsomee masharti yake, kisha afuate jibu. Na aende mapema, si usiku wa mwisho wa maombi.

LA TANO: BINTI, NA KUIJUA SAFARI

Twamwambia baba aliye Balambala na baba aliye Mombasa neno moja. Mke wako akishikwa na uchungu usiku, wataka aingie kwa mkunga au daktari mwanamke. Wataka awe mwenye haya, na ikiwezekana awe Mwislamu ajuaye lugha yake. Vizuri, na hiyo ni ghera njema. Lakini huyo daktari mwanamke atatoka wapi, ikiwa binti yako mwenye akili umemtoa shule akiwa Kidato cha Tatu, na jirani yako naye amefanya hivyo? Je, wawataka mabinti za watu wengine wasome ili wamhudumie wako? Mche Mwenyezi Mungu katika amana yako. Posa ikija katika mwaka wa mtihani, na ingoje. Aliye na nia ya kweli hatashindwa kungoja miezi michache.

Na mwana, awe wa kiume au wa kike, atayarishwe kwa safari. Kijana aliyekulia katika ukoo wake ataingia mahali ambapo hakuna amjuaye, na lugha ya masomo ni Kiingereza tangu asubuhi hata jioni. Katika mwaka huu wa mwisho ajifunze kupika chakula chake, kuhesabu fedha ya mwezi, kuandika barua ya maombi kwa mkono wake, na kutumia kompyuta, japo ni ile moja ya shule au ya ofisi. Ajue kusema “sikuelewa” mbele ya mwalimu bila ya kuona haya. Na ajue kukaa na asiyekuwa wa dini yake kwa adabu na uadilifu, kwani katika bweni moja atalala na watu wa kila kabila. Mwenye kusimamisha sala zake na kuchunga ulimi wake hatapotezwa na mji mkubwa. Mwenye kuyaacha hayo alikuwa amekwisha kupotea kijijini.

HITIMISHO NA MASWALI YA HALAKA

Mfumo huu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 unamalizika; mtihani wake wa mwisho wa KCSE umepangwa mwaka 2027, na wanafunzi wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Majina ya mitihani yatabadilika. Lakini kijana asiye na cheti sahihi, asiyejua masharti, asiye na fedha wala mtu wa kumwongoza, ataachwa nje na mfumo wowote utakaokuja. Basi tusikae tukajadili mfumo na watoto wanapita.

Twaomba kila halaka ijadili maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Katika msikiti wetu, ni wanafunzi wangapi walio Kidato cha Nne mwaka huu? Twawajua kwa majina?

2. Ni wangapi kati yao ambao jina lao ni moja katika vyeti vyao vyote?

3. Ni nani katika sisi atakayechukua kazi ya kuzifuata siku za maombi na kuwapigia simu walio mbali?

4. Tumewakataza riba, tumewawekea nini badala yake, na kiasi gani?

5. Mabinti wangapi wa mtaa wetu wametolewa shule miaka miwili hii, na ni nani atakayekwenda kuzungumza na baba zao?

Halaka itakayojibu swali la kwanza tu kwa ukweli imekwisha kuanza kazi. Na itakayoona haya kwa jibu lake, haya hiyo ni heri, maadamu haikuishia katika kuinamisha kichwa.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri, na atujaalie sisi kuwa wenye kuifungua na si wenye kuisimamia. Wassalaam.